Jinsi ya Kuchagua Programu ya Usanifu Bila Kuuza Shamba la Kahawa

Ndugu yangu uliyepanga fremu Tunduma na kuandika mlangoni "Kadi, Stika, Mabango, Fulana na Nembo", hongera. Umechagua mahali penye kazi. Malori ya Lusaka na Lubumbashi yanapanga foleni mbele yako, mawakala wa forodha wanataka karatasi zenye nembo, Nakonde ng'ambo kuna wateja wa kwacha, na kutoka Mbozi wanakuja wenye kahawa wanaotafuta mfuko unaovutia. Imebaki programu ya kufanyia kazi, na hapo ndipo vijana wengi wanapotupa mtaji.

Kabla ya kupakua chochote, nenda kwa mwenye mashine ya kuchapa mabango. Muulize anapokea faili la aina gani. Atakutajia PDF, pengine TIFF au JPEG, na vipimo anavyotaka. Umelichora kwa kutumia nini, hilo halimhusu, maana mashine yake haisomi majina ya programu. Mteja naye hajawahi kusimama chini ya bango akauliza kama limetoka Illustrator au Inkscape. Anauliza kwa nini namba yake ya simu haisomeki. Programu ghali kuliko zote duniani itakuacha uweke maandishi ya njano juu ya karatasi nyeupe, na wala haitakukanya.

Kisha pima kazi zako zenyewe. Nembo, stika na maandishi ya ubavuni mwa lori huchorwa kwa mistari, yaani vekta, ambayo hukuzwa kutoka kadi ya biashara hadi turubai zima bila kuchakaa. Picha ya bibi harusi ni ya pikseli. Ukiikuza kupita kiasi inavunjika vipande. Mteja akikuletea nembo aliyoipiga skrinishoti kutoka WhatsApp, usiikuze. Ichore upya, na umtoze, kwa sababu hiyo ni kazi. Kazi ya picha na kazi ya mistari ni mbili tofauti, na Photoshop, pamoja na sifa zake zote, iliundwa kwa ajili ya ile ya picha. Anayetengeneza nembo ndani yake atamkuta mchapaji akimrudisha.

Sasa tuzungumze fedha. Tangu 2013 Adobe, kampuni yenye Photoshop na Illustrator, imeweka programu zake mpya kwenye mfumo wa kulipia kila mwezi au mwaka. Ukiacha kulipa, mlango unafungwa, hata kama mafaili ni yako. Ukichukua mkataba wa mwaka unaolipwa kwa mwezi, kuuvunja mapema kuna ada. Juni 2024 serikali ya Marekani iliipeleka kampuni hiyo mahakamani ikidai kwamba ada hiyo ilifichwa. Programu zenyewe ni nzuri sana. Lakini biashara ya kadi za michango ina miezi ya harusi na miezi mikavu, ilhali malipo hayo hayajui Kwaresima wala msimu wa kilimo.

Utaambiwa kuna njia ya mkato: kijana mwenye flashi atakuwekea iliyokrakiwa kwa bei ya soda. Mkatalie. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu, nawe ndiye unayeishi kwa kuuza ubunifu. Huwezi kulia kwamba jirani ameiba mchoro wako huku zana yako yenyewe ni ya wizi. Tena flashi ile huja na virusi, na siku kadi za harusi zinapotakiwa ndiyo siku mafaili yanapogoma kufunguka. Hiyo ndiyo programu ghali kuliko zote mkoani Songwe.

Zana halali za bure zipo, na nazitaja kwa moyo mweupe. Inkscape, iliyoanza 2003, ni ya vekta. Inafaa nembo na stika, na hufungua hata baadhi ya mafaili ya CorelDRAW ambayo steshenari zetu zimejaa nayo, ingawa mpangilio unaweza kuhama kidogo. GIMP ni ya picha, ipo tangu miaka ya 1990, na toleo la 3.0 la Machi 2025 linakuruhusu kurekebisha madoido baadaye bila kuharibu picha ya msingi. Scribus ni ya vijitabu na vipeperushi. Photopea hufunguka ndani ya kivinjari na kusoma mafaili ya Photoshop. Kazi inafanyika kwenye kompyuta yako mwenyewe, hivyo bando haliliwi kwa kupandisha picha kubwa. Affinity, iliyokuwa ya kununua, ilichukuliwa na Canva mwaka 2024, na tangu Oktoba 2025 inatolewa bure kwa wenye Windows na Mac.

Canva yenyewe ni nyepesi, hata kwenye simu, na kwa tangazo la mtandaoni inatosha. Kwa nembo, jihadhari: masharti yake hayaruhusu kusajili alama ya biashara iliyojengwa kwa michoro ya maktaba yake. Mwenye kahawa wa Mbozi akitaka kwenda BRELA kuisajili nembo hiyo, utakuwa umemuuzia tatizo.

Kwenye rangi usifanye haraka. Skrini huonyesha kwa mwanga, mashine huchapa kwa wino wa rangi nne, na kijani kile kinachowaka kwenye simu hutoka kimepoa kwenye bango. Inkscape hufanya kazi kwa rangi za skrini; kwa hiyo kazi ya uchapaji ipitishe Scribus, panga rangi za wino, ongeza milimita 3 kila upande za kukatia, geuza maandishi kuwa michoro, ndipo utoe PDF. Halafu chapa kipande kidogo cha majaribio mbele ya mteja kabla ya kumwaga wino wote.

Kwa laptop ya RAM gigabaiti 4, anza leo na Inkscape na Scribus. Ukiwa na mashine yenye nguvu zaidi, ongeza Affinity. Adobe ilipie siku utakapopata mteja anayedai faili la InDesign, na gharama hiyo iandike kwenye ankara ya mteja huyo.