Namna ya Kupanga Ukoo wa Nyuki Ukiwa Foleni ya Tunduma

Lori lako likikwama mpakani Tunduma, usigombane na wakala wa forodha. Tumia siku hizo kuwa mtaalamu wa nyuki. Vifaa: kivuli cha lori, soda moja, na ujasiri wa mtu asiyesoma kitu.

1. Anza na methali. Fuata nyuki ule asali. Usijisumbue kwamba duniani kuna zaidi ya aina 20,000 za nyuki, na nyingi hazina mzinga, malkia wala asali ya kulamba. Jike huchimba shimo lake peke yake, akaweka chavua, akataga, akafukia. Mfuate huyo kuanzia Vwawa, utarudi na vumbi la Mbozi mdomoni.

2. Mkane babu. Sema nyigu hana undugu na nyuki. Ukweli ni kwamba nyuki ni tawi la nyigu wawindaji: zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, baadhi yao waliacha kulisha watoto nyama ya wadudu, wakahamia kwenye chavua. Siafu naye ni binamu. Lakini ukoo kama huo nani anautaja siku ya posa?

3. Pima kwa mwiba. Asiyeuma si nyuki. Kanuni hii itawafukuza madume wote, maana mwiba ni kifaa cha kutagia mayai kilichogeuka silaha, na dume ametaga lini? Itavifukuza pia vile vidudu vyeusi, vidogo kama punje ya mtama, vinavyokuja kunywa jasho pembeni ya jicho lako. Viite inzi, vipige kofi. Jioni nenda kanunue asali ya nyuki wadogo, ulalamikie bei na uadimu wake. Ni hao hao uliowapiga kofi. Wako familia moja, Apidae, na nyuki wa mzinga, pamoja na yule mweusi mnene anayetoboa kenchi za nyumba yako.

4. Gonga muhuri kabla ya kukagua. Mwaka 1758 Linnaeus wa Uswidi alimwandika nyuki wa mzinga Apis mellifera, yaani mbeba asali. Mwaka 1761 akajirekebisha: nyuki habebi asali, huchukua maji matamu ya maua na kuitengeneza. Akaandika mellifica. Amechelewa! Sheria ya majina hulishika la kwanza. Dereva yeyote anaijua hii: kosa likishaingia kwenye karatasi, mtasafiri nalo hadi Lubumbashi.

5. Uliza uraia. Nyuki wetu ni wa nususpishi scutellata, jina alilopewa na Mfaransa Lepeletier mwaka 1836. Yuko Tunduma, yuko Nakonde ng'ambo ya mpaka, na hajawahi kupanga foleni. Mwaka 1956 malkia kutoka Afrika Kusini na Tanganyika walipelekwa Brazili. Mwaka uliofuata makundi 26 yakatoroka, yakazaana na nyuki wa asili ya Ulaya, na magazeti ya Marekani yakawaita wauaji. Huku kwetu tunawaita nyuki tu, na tunawarinia usiku.

Umehitimu. Kale kadudu bado kako kwenye kope lako. Safari hii usikapige, maana hako ukikafuata, asali ipo kweli, ndani ya pango la mti porini. Lakini utakafuataje? Foleni imesogea.