Sifa za Kijia cha Nkungwe

Lami ina watetezi wengi: wahandisi, wabunge, wenye mabasi. Nasi wa Katonga, hapa Kigoma, hatuna ugomvi nayo, maana lori la dagaa likiondoka mwaloni bila kukwama kila mtu anafurahi. Lakini kijia kinachopanda Mlima Nkungwe, kule Mahale, kilomita mia na ushee kusini mwa Kigoma kwa njia ya ziwa, hakina mtetezi hata mmoja. Kila aliyekipita amekisema vibaya, tena kwa lugha za mataifa mengi, nacho hakijawahi kujibu. Acha mimi nikijibie.

Nasaba kwanza, kwa kuwa mtu hasifiwi kabla hajajulikana ni wa nani. Babu zake ni tembo na nyati, waliopasua vichaka wakienda zao wala wasiweke kibao. Wakafuata Watongwe, warina asali, wawindaji na wakulima, ambao kwao mlima ule ni mahali patakatifu, hupandwa kwa adabu. Huo ndio ukoo. Barabara zetu nyingi baba yao ni mkandarasi, na mara nyingine hata huyo hajulikani aliko.

Shule kijia hiki kilianza, hakikumaliza. Mwaka 1965 Nishida Toshisada wa Chuo Kikuu cha Kyoto alifika Kasoge, hapo hapo Mahale, akawazoesha sokwe watu kwa miwa, na watafiti wa hapo wakafyeka vijia vya kuwafuatia. Hadi leo vijia vya chini ni vya kisomi: unaona unakokwenda, unaona ulikotoka. Hiki cha juu kilipogundua kwamba mwisho wa elimu ni kukanyagwa na kila mtu, kikaacha masomo kikarudi msituni. Mwaka 1985 milima yote ile ikatangazwa Hifadhi ya Taifa, kilomita za mraba 1,613, na mgeni akitaka kuizunguka ni kwa miguu yake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye tabia. Kijia cha Nkungwe kina haya. Kinakupokea kwa hatua chache za udongo mwekundu uliosafishika, kisha kinajificha chini ya majani makavu, na ukikitafuta unakuta kilishavuka kijito kitambo, kiko ng'ambo ya pili kinakungoja. Ukikifikia kinapanda wima. Hapo hukikanyagi tena kwa miguu peke yake. Unakishika kwa mikono, mzizi kwa mzizi, uso wako uko shibiri moja kutoka kwenye matope, na unapata nafasi ya kuyachunguza matope ambayo nchi kavu hungeyatilia maanani. Wako watu wenye vyeo vikubwa ambao mara ya mwisho kutambaa walikuwa hawajaota meno. Kijia kimewarudishia utoto bila malipo.

Ni kikarimu pia katika wenyeji wake. Kuna upupu, unaoning'inia kwa upole usawa wa shingo, na ukishakugusa huwazi tena madeni wala siasa. Kuna siafu, walinzi wa zamu wasiolala, ambao hawaumi wakiwa kwenye viatu. Wanapanda kimya hadi magotini na zaidi, wanasubiriana, kisha wanauma. Nimeona watu wazima, wenye heshima zao, wakivua suruali mbele ya wenzao bila kuomba radhi, na hakuna aliyecheka kwa sababu kila mmoja alikuwa anavua yake. Usawa wa namna hiyo tuliuhubiri miaka mingi majukwaani bila mafanikio.

Watabiri wa mambo ya hewa nao wangekipenda. Hewa yenye unyevu kutoka ziwani hugonga ukuta wa milima upande wa magharibi, ikapanda, ikapoa, ikamwaga mvua. Ndiyo maana upande wa ziwa una msitu mzito na upande wa mashariki ni miombo mikavu yenye mbung'o. Kijia kingeweza kujitafutia maisha mepesi. Kimechagua palipolowa.

Wanaokilaumu wana hoja moja tu kubwa: hakina alama. Hapo lazima nisimame, maana ni uongo. Alama kilikuwa nazo, na zilikuwa na majina, na watoto, na mashamba. Watongwe waliokaa Kasoge na mabonde ya jirani walihamishwa miaka ya 1970, wakati wa vijiji vya ujamaa, na hifadhi ilipotangazwa hapakuwa tena na kurudi. Mti uliobeba mzinga, jiwe la kupumzikia, mahali pa kuteka maji, vyote vilisomeka kwa aliyejua kusoma. Msomaji alipoondolewa, ikasemwa kwamba hakuna maandishi. Miembe, mipera na milimau waliyoiacha ilibaki na kuzaa, na sokwe wakajifunza kula maembe, mapera na malimau ambayo zamani hawakuyagusa. Wao ndio waliogawiwa mirathi, na hawakuhitaji hati.

Kwa hiyo kijia hiki hakipitiki bila mtu anayekijua, na katika hilo ni mwajiri bora kuliko mashirika mengi. Mgeni hutembea na kiongozi, na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa ajili ya nyati na chui. Jaribu kufuata ramani ya simu: mtandao umekatika zamani, na kidoti cha buluu kinakuonyesha uko katikati ya ziwa, jambo ambalo kwa jinsi ulivyolowa si mbali sana na ukweli. Kiongozi anatazama jani lililopinduka, anasema, "Huku." Ukimuuliza umbali uliobaki anajibu, "Hapo juu tu, mzee." Saa mbili baadaye bado ni hapo juu tu. Usimwite mwongo. Ziwa liko mita 773 kutoka usawa wa bahari na kilele kiko mita 2,462. Mita karibu 1,700 za kupanda zote ziko juu, tena hapo hapo.

Hata wasomi wamefaidika na wanaoujua msitu huo: mwaka 1987 Michael Huffman, mtafiti wa Kyoto, alikuwa msituni Mahale pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyefanya kazi hifadhini na kuzijua dawa za miti. Walimwona sokwe jike aitwaye Chausiku, mgonjwa, akibandua maganda ya tawi la mjonso na kutafuna kiini chake kichungu. Kalunde alieleza kwamba mti huo ni dawa kwa Watongwe. Kesho yake Chausiku alikuwa anaendelea vizuri, na mwaka 1989 wawili hao wakachapisha habari hiyo, ikazunguka duniani. Kibao gani cha mbao kingemwambia Huffman hayo? Kingeandika "Kilele", na mshale.

Kilinganishe basi kijia hiki na njia ya Marangu kule Kilimanjaro. Ina vibao vya saa zilizobaki, ina vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo, ina watu wanaopishana wakisalimiana, na makumi ya maelfu hupanda mlima ule kila mwaka. Mwishoni kuna ubao wa kupigia picha. Nkungwe haina tamaa hizo. Ukishapita msitu, ukapita mianzi, ukatokea kwenye majani ya juu, ulikotarajia kuona ziwa lote na milima ya Kongo, mara nyingi kijia kinakukabidhi ukungu. Ukungu mweupe, wa kutosha wote, hakuna wa kugombea nafasi ya mbele. Anayetaka mandhari akanunue kalenda.

Na kushuka? Wengi hudhani sifa za njia huishia kileleni. Wasioteremka Nkungwe siku ya mvua hawajui kwamba magoti yana sauti, wala kwamba makalio ni kiungo cha kutembelea. Nilishuka sehemu kubwa kwa njia hiyo, nikiwa nimekaa, kwa mwendo ambao kiongozi aliusifu.

Boti lilinirudisha Kigoma nikiwa nachechemea, ngozi imechorwa na upupu. Mwaloni Katonga mama mmoja muuza dagaa, ananifahamu tangu nikiwa mdogo, aliacha kugeuza dagaa wake juu ya kichanja akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili.

"Mwanangu, umeibiwa?"

"Hapana, mama. Nilikwenda kupanda mlima."

"Kufuata nini?"

Nikamweleza habari za ukungu. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa huruma kabisa, kisha akauliza kama hiyo pesa ya kwenda huko nilipewa au nilitoa mwenyewe.