Kashitaki Popote!

Zamani aliyedhulumiwa ndiye aliyetisha: "Nitakufikisha mahakamani!" Mdhulumu akisikia hivyo analainika, jioni anatuma wazee. Siku hizi hapa kijijini kwetu Kidete anayeitaja mahakama kwanza ni mdhulumu mwenyewe. Jirani yangu kang'oa mkonge wa mpaka, kaingia ndani ya shamba langu la mahindi. Kumuuliza, akaegemea jembe: "Mzee wangu, kashitaki popote." Kwa upole kabisa, kama mtu anayekukaribisha chai.

Nikaenda baraza la kata. Wazee wakanieleza kuwa tangu 2021 sheria imewang'oa meno: kesi ya ardhi hawaiamui tena, wanapatanisha tu, na siku 30 zikipita bila suluhu, uende baraza la ardhi la wilaya. Jirani hakuja kupatanishwa. Alikuwa analima. Kwangu.

Huko mjini ni nauli, kisha karani anayeongea na simu yake huku akikujibu wewe: mwenyekiti yuko semina, jalada halionekani, njoo mwezi ujao. Kijiweni nako washauri hawakosi. Mmoja ananiambia nitafute mtu wa "kumwona". Mwingine anasema mganga ana nafuu, kwanza haahirishi. Anayenitisha ni wa tatu, maana yeye alishinda: hukumu yake ina mhuri, kaifunga kwenye nailoni chini ya godoro, na ng'ombe wa watu bado wanalala shambani kwake.

Nacheka, lakini wilaya hii hii, kule Rudewa, tarehe 8 Desemba 2000, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu 38. Nao mgogoro wa mipaka wa kijiji cha Mabwegere ulipanda mpaka Mahakama ya Rufani, ikaamua, na watu wakaendelea kugombania mipaka ile ile. Asiyeiamini hukumu hakai mikono mitupu, anaokota rungu.

Kila Februari kuna Siku ya Sheria, yenye hotuba na maturubai. Sina ugomvi na hotuba. Ila waheshimiwa, mwaka ujao punguzeni bajeti ya sherehe, mumjazie dalali wa mahakama mafuta ya pikipiki afike kijijini kutekeleza hukumu mwezi ule ule inaposomwa. Maturubai yakipungua, semeni tu, tutawaazima ya msibani.