Treni Ubungo, Basi Mbezi

Mwaka 2012 Dar es Salaam ilipata treni ya mjini, kutoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa. Wananchi wakaibatiza jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo: treni ya Mwakyembe. Ubungo ndiko kulikokuwa na stendi ya mabasi ya mikoani. Reli na stendi, pua na mdomo.

Ukaribu huo, bila shaka, ulikuwa wa kizamani.

Tarehe 24 Februari 2021 Rais Magufuli alizindua mambo mawili siku moja: barabara za juu za Ubungo, ngazi tatu kamili, ili magari yasikutane, na stendi mpya ya Mbezi Luis, kubwa na safi kwelikweli, ili treni na basi nazo zisikutane. Reli haikualikwa Mbezi.

Pale Ubungo, walipokuwa wakipokezana sauti wapigadebe, pakajengwa kituo cha biashara chenye maduka zaidi ya 2,000. Msafiri wa Tunduma akitua hapo na shangazi kaja lake kichwani, ana hakika ya kupata bidhaa za kila namna, isipokuwa basi la Tunduma.