Kaa Wima? Kwa Mgongo Upi?

Mfyuu! Mtoto wa miaka minne yuko mkekani chuoni tangu saa nane mchana, mgongo umempinda, na ustadhi anafoka: "Kaa wima!" Akae wima kwa mgongo upi? Mgongo haunyooki kwa amri, wala kwa kiboko.

Tusimsingizie uvivu. Kwa mtoto mdogo kukaa chini ni kazi. Misuli ya tumbo, mgongo na nyonga ndiyo inayomshikilia, kama kamba za hema. Ikiwa bado milegevu, ataegemea mwenzake, atajilaza ubavu, au atakalia makalio na kutupa nyayo nje huku na huku. Mkao huo wa mwisho si kosa akicheza kidogo. Ila akiufanya wa kila siku, miguu iliyotanuka ndiyo inayombeba, tumbo liko likizo.

Na hiyo misuli angeitoa wapi? Tangu ana miezi mitano kaning'inizwa kwenye kigari cha magurudumu, eti atembee haraka. Haraka ya kwenda wapi, jamani? Kanada walipiga marufuku vigari hivyo mwaka 2004, maana watoto walikuwa wakiporomoka navyo ngazini. Huku kwetu ndiyo zawadi ya heshima!

Miaka ya 1970 mtafiti Charles Super alikwenda Kokwet, kwa Wakipsigis wa Kenya. Akawakuta kina mama wanachimba kishimo chini, wanamkalisha mtoto humo na kumzungushia blanketi lililokunjwa. Watoto wale waliwahi kukaa kuliko wa Marekani kwa kama mwezi mmoja. Kishimo tu, bila senti! Kutambaa hawakuwatangulia, kwa sababu kutambaa hawakufundishwa.

Basi nawe mfundishe wako. Ambaye hajaanza kutambaa, mlaze kifudifudi akiwa macho. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitaja angalau dakika 30 kwa siku, kidogo kidogo. Akilia usimnyakue mbio. Lala chini naye, mchekeshe. Aliyekua kidogo mchezeshe toroli: mshike mapaja, atembee kwa mikono. Apite chini ya meza, apande mwembe wa jirani, jirani asonye akichoka. Wa miaka 3 na 4 anahitaji dakika 180 za kuchangamka kwa siku, 60 kati ya hizo za kumtoa jasho.

Nawe ustadhi, na wewe mwalimu wa chekechea, mkunjieni kanga aikalie. Nyonga zikiinuka kidogo, mgongo unapata nafuu. Na mwacheni anyooshe miguu, ainuke, arudi. Saa nzima bila kujitikisa hata sisi hapa kijiweni hatuiwezi, na tuna benchi na ukuta.

Ila miezi 9 ikipita mtoto hajakaa mwenyewe, au upande mmoja wa mwili umelegea au umekakamaa, achana na porojo zetu. Mpeleke kliniki wiki hii hii.