Sifa za Sili ya Nyuma

Sili ya nyuma ya krenki ni pete nyembamba inayokaa mwishoni mwa injini, pale krenki inapotokeza kubeba flaiwili. Kazi yake ni moja tu, kuizuia oili isitoke. Mafundi wa Gitega waliojifunza kwa Kifaransa huiita joint spi. Muyinga, ambako spea za Dar es Salaam huingilia mpaka wa Kobero, jina la sili nalo linajulikana.

Hadhi yake ni ya kifalme. Gitega, jirani ya ngoma za Gishora, inaielewa adabu hiyo: mwami haonwi kabla baraza halijainuka. Kwenye Land Rover ya zamani hushuka giaboksi, ikafuata klachi, kisha flaiwili, ndipo mheshimiwa anayeenea kiganjani aonekane.

Ukarimu wake nao haufichiki. Ikichoka, huipaka chesisi oili bure, na vumbi jekundu la njia ya Karuzi likinasa hapo, kutu haipati pa kushika. Gari lilipolala huacha doa jeusi, hivyo mwenye gari hapotezi maegesho. Klachi ikianza kuteleza mlimani, hiyo ni zawadi ya ziada. Tena ni mvumilivu: oili ya kava la valvu huchuruzika nyuma ya injini, na sili ikabeba lawama kimya.

Injini inapofunguliwa yote, anayechagua sili ni krenki, muuza spea hufuata. Injini nyingi za kale zilifungwa kwa kamba ya asbesto yenye grafiti (vumbi lake si la kuvuta), na krenki zake zilichongwa mikwaruzo ya kurudisha oili. Mdomo wa mpira ukiwekwa juu ya mikwaruzo hiyo hukunwa kama nazi kwenye mbuzi. Land Rover ya lita 2.25 yenye beringi kuu tatu, iliyotengenezwa hadi 1980, hutumia sili iliyokatwa, na springi yake huzungushwa krenki kisha ikaunganishwa ncha. Ukucha ukikwama kwenye mfereji wa krenki, sili mpya peke yake haitoshi: isogezwe milimita moja au mbili ikiwa kiti kinaruhusu, au krenki ivishwe bangili nyembamba ya chuma. Beringi zikilegea, hakuna sili itakayodumu.

Mpira wa nitrili hukakamaa joto likizidi nyuzi 100 kwa muda mrefu. Viton huhimili karibu 200. Dukani zote zaweza kuwa nyeusi, na hapo feki hustawi. Mdomo wa mpira hupakwa oili kabla ya kufungwa, ila wa Tefloni kwa kawaida hufungwa mkavu.

Bomba la pumzi la injini lizibuliwe pia, kwani presha ikikosa njia huisukuma oili ipite hata kwenye sili mpya. Mdomo wa sili hutazama ndani, kwenye oili. Ukitazama nje, giaboksi itashushwa tena.