Ngeli za Makumbusho Ambayo Mackinnon Road Haijajenga

Elimu ya makumbusho ina kanuni ambayo hakuna aliyewahi kuipinga, pengine kwa sababu hakuna aliyejisumbua kuiandika: ili kitu kiingie kwenye kabati la kioo, sharti kiwe kimekwisha kazi. Kanuni hiyo inaifaa sana mizinga ya Fort Jesus. Huanza kuchechemea pale mtu anapotaka kuhifadhi historia ya tiba ya mifugo huko Mackinnon Road, kwenye nyika ya Taru, Kaunti ya Kwale. Ndiyo maana uainishaji mpya umehitajika. Umefanywa kwa vifaa duni: benchi, chai ya rangi, na wazee waliokuwa wakibishana tangu asubuhi.

Kwanza hoja ya mahali. Wasomi wa Nairobi watauliza kwa nini isiwe Kabete, yenye maabara ya mifugo iliyotambua homa ya Bonde la Ufa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Jibu ni kwamba Kabete ndiko dawa zilikopikwa. Huku ndiko ng'ombe walikofia. Tena wageni tunao. Madereva wa malori husimama hapa kuzuru kaburi la Sayyid Baghali Shah, mfanyakazi wa reli ambaye, kama inavyosimuliwa, karai lake lilielea juu ya kichwa bila kukigusa. Aliyesimamisha lori kwa ajili ya hayo hatakosa dakika kumi za kumtazama kupe.

Tuazime basi neno ngeli kutoka kwa walimu wa sarufi, bila ruhusa yao.

Ngeli ya kwanza ni ya Waliofia Barabarani. Mji wenyewe umo humu, maana umerithi jina la barabara ya mikokoteni ya maksai ambayo kampuni ya Sir William Mackinnon ilianza kuijenga 1890 kutoka Mombasa kwenda bara. Maksai walikufa. Reli ilipoanza 1896, punda na nyumbu wa mizigo nao wakafa kwa mamia. Hapa pana tatizo la kitaaluma. Daktari David Bruce alionyesha kwamba nagana, ugonjwa unaoua mifugo hao, huletwa na kijidudu cha damuni kinachobebwa na mbung'o, na alifanya hivyo huko Zululand katika miaka ya 1890 iyo hiyo, barabara ikiwa tayari imeanza kula wanyama. Kwa hiyo maksai wa kwanza wa Mackinnon walikufa bila sababu rasmi. Lebo ya fuvu lao iandikwe kwa tahadhari.

Ngeli ya pili, ya Vinavyouma, haihitaji maneno mengi. Ina mbung'o, kupe, chapa ya moto iliyochoma tezi za ng'ombe wenye ndigana, na Burdizzo, koleo la Kiitaliano la kuhasi ambalo mbele yake wageni wa kiume wote watasogea nyuma hatua mbili. Pendekezo: liwekwe karibu na mlango wa kutokea.

Utata wenyewe uko kwenye ngeli ya tatu, ya Vinavyokataa Kuzeeka. Chukua mtego wa NGU, uliobuniwa Nguruman, Kenya hii hii, miaka ya 1980. Ni kitambaa cha buluu kilichoshonwa na cheusi, juu yake chandarua, kileleni mfuko wa plastiki. Kando huwekwa chupa ya asetoni na nyingine ya mkojo wa ng'ombe uliochacha. Mbung'o huuona ubuluu kwa mbali, hunusa, huja mbio akidhani amepata nyati, hutua kwenye weusi, kisha hupanda kuufuata mwanga hadi mfukoni, na jua humaliza kazi. Makumbusho mengine hukataza kugusa. Haya yatalazimika kukataza kunusa. Lakini ukiutia mtego ndani ya kioo, nje utabaki mbung'o bila mtego. Isitoshe, mtego usio na mlinzi porini una tabia ya kugeuka kaptula ya mtoto, jambo linaloutoa kwenye ngeli hii na kuupeleka ile ya mavazi.

Dawa za nagana ni vivyo hivyo. Samorin ya kukinga na Veriben ya kutibu zote zinatumia kemikali zilizozaliwa miaka ya 1950 na kidogo baadaye, umri unaotosha kabisa kuitwa urithi. Nilimwomba mzee mmoja wa Kiduruma atoe bomba lake la sindano, la chuma na kioo, liwe mchango wa kwanza. Aliligeuza mkononi, akaifuta sindano kwa pindo la kikoi, akalirudisha mfukoni.

"Mwanangu, nikikupa hili, fahali wangu kesho nimdunge kwa kidole?"

Watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, wameongeza matata. Waligundua kuwa mbung'o humkwepa kuro ingawa wanaishi pori moja, wakaitengeneza harufu ya kuro, wakaitia kwenye kola, wakawavisha ng'ombe wa huku Kwale. Nagana ikapungua kwa zaidi ya asilimia 80. Ni sayansi safi, ila sasa tuna ng'ombe anayenuka kuro, na sijui aingizwe upande wa mifugo au wa wanyamapori.

Ngeli ya nne ina mwanachama mmoja tu: sotoka. Gonjwa hili lililofyeka mazizi ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 lilipatiwa chanjo madhubuti na Walter Plowright na wenzake pale Muguga, kama mwendo wa saa moja kutoka Nairobi ukikwama Uthiru. Baadaye likapatikana toleo lililostahimili joto wiki kadhaa nje ya friji, na hilo ndilo lililofika kwa wafugaji wa mbali. Kisa cha mwisho duniani kilionekana kwa nyati wa Meru mwaka 2001, na 2011 dunia ikatangaza kwamba sotoka imetokomezwa, ugonjwa wa pili baada ya ndui. Maabara ya Pirbright, Uingereza, iliteketeza akiba yake ya virusi 2019. Sotoka ndiyo pekee inayotimiza kanuni ya kufa kwanza, nayo haina cha kuonyesha. Nikapendekeza kabati tupu, lenye taa, kama kilele cha maonyesho yote.

Wazee walilijadili kwa makini. Mwenye bomba akauliza kama taa hiyo ina maana stima itakuwepo. Nikasema ndiyo, ya sola. Basi, akasema, hilo kabati lifanyweni friji, chanjo ya miguu na midomo ikae humo. Wageni watakaotaka kuiona sotoka haipo wataelezwa.